Mwaka Tuliozungumza na Mahindi

Nilisafiri hadi Maretadu, huko Mbulu, kumzika Mama Paulina, na kabla sijapata hata pa kukaa pale msibani, bibi mmoja asiye na meno ya mbele alinishika mkono akaniangalia usoni kwa muda mrefu. "Wewe si yule mwalimu wa Tanga aliyekuwa akisalimia mahindi?" Nikamwambia ndiye mimi. Akawageukia wenzake, akawaeleza kwa Kiiraqw, wakacheka wote, kisha wakakumbuka tuko wapi, wakainamisha vichwa. Karibu nao, kwenye benchi lililotolewa kanisani, alikaa mzee mrefu mwenye fimbo, macho chini, kama mtu anayeomba Mungu asitajwe. Nilimtambua kwa magoti. Sijapata kuona mtu mwingine ambaye akikaa magoti yake hupanda juu namna ile. Alikuwa Anyosisye, aliyekuwa bwana shamba wetu. "Shikamoo, Bwana Shamba," nikamwambia. "Marahaba, Mwalimu," akajibu kwa sauti ya chini. "Nashukuru wamekukumbuka wewe peke yako." Jioni hiyo, baada ya watu kupungua, tulikaa na vikombe vya chai ya maziwa tukakumbushana mwaka ule mmoja, na kila mmoja wetu aliusimulia kana kwamba mwenye makosa alikuwa mwenzake.

Ulikuwa mwaka ambao watu walikuwa wametoka tu kuhamishwa kutoka kwenye mashamba yao kule juu miteremkoni, wakaletwa kwenye kijiji cha nyumba zilizopangwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, binti wa Lushoto mwenye sanduku la bati na Kiswahili ambacho wenyeji walikiona kimejaa sukari. Nyumba ya walimu ilikuwa na kuta, lakini paa lilikuwa bado liko njiani, likitoka mahali ambapo hakuna aliyeweza kunitajia. Kwa hiyo nikapewa chumba kwa Mzee Hhando na mkewe, Mama Paulina. Udongo wa kuta za chumba kile haukuwa umekauka, na ukiegemea unaondoka na alama mgongoni. Upande mmoja palikuwa na jiko, upande wa pili ndama. Asubuhi ya kwanza nilimpa Mzee Hhando pole kwa kifua chake. "Kifua gani?" akauliza. Nikamwambia nimemsikia akihema na kukohoa. Mama Paulina akaweka mwiko chini ili acheke vizuri. "Mwanangu, huyo uliyemsikia ana miguu minne."

Chakula chetu kilikuwa makande, na maziwa ya mgando yaliyonukia moshi wa kibuyu, na ugali kwa mnafu. Mama Paulina alipika vizuri ila kwa jambo moja: chumvi aliitia kama mtu anayepima dawa ya mtoto mchanga. Mzee Hhando alikula kimya. Alikuwa mtu mfupi, mwenye shuka lililofungwa begani na uso wa kujizuia, na kwa kweli nyumba nzima ilikuwa ya kimya kiasi kwamba mwanzoni nilidhani wamegombana kwa sababu yangu. Nilipomwuliza Mama Paulina, alinyoosha kidole ukutani, upande wa nyumba ya jirani. "Kule juu nilikuwa nikimgombeza mzee, wanasikia ng'ombe tu. Hapa nikipiga chafya, jirani ananipa pole. Sasa nitagombana vipi? Kesho naulizwa kisimani." Na ilikuwa kweli. Kijiji kizima kilikuwa kinanong'ona. Watu waliokuwa wamezoea kuitana kutoka kilima hadi kilima walikuwa wakiongea kama wagonjwa wa wodi moja.

Anyosisye alikuja kwetu jioni jioni kwa sababu Mama Paulina alimwonea huruma kwa wembamba wake. Alitoka Rungwe, alikuwa na baiskeli, redio ya mbao iliyofungwa kwa mpira, na imani kubwa sana kwa utaalamu. Alikuwa na namna yake ya kusema habari za mimea ambayo mimi niliipenda na wazee waliichukia. "Mahindi yanadai mbolea," alikuwa akisema, na Mzee Hhando akimwuliza yamemkopesha nini. Jioni moja tulikuwa tunasikiliza redio, akaja mtangazaji akaeleza kwamba huko nje kuna wataalamu wamejaribu kuongea na mimea. Tukasogea. Mtangazaji akasema, "Na imeonekana kwamba mimea inayosemeshwa kwa upole..." hapo betri zikaisha. Anyosisye alizitoa, akazipasha moto karibu na mafiga, akazirudisha. Redio ikakoroma kidogo ikanyamaza kabisa. "Inayosemeshwa kwa upole hufanya nini?" Mama Paulina akauliza. "Hukua," akasema Anyosisye, bila kusita hata kidogo. "Ingefanya nini kingine?"

Siku chache baadaye alilipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji. Shamba la ujamaa lingegawanywa pande mbili: upande mmoja ungesemeshwa, upande wa pili ungeachwa kimya, kisha tungelinganisha. Katibu wa chama pale kijijini, Ndugu Gwandu, aliyekuwa kijana wa huko huko mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alilipokea kwa mikono miwili, maana hakuna kijiji kingine wilayani kilichokuwa na jambo kama hilo. Mama Paulina akasimama. "Yatasemeshwa kwa lugha gani?" Gwandu akajibu kwamba mbegu imekuja kwenye gunia la serikali, kwa hiyo ni Kiswahili, lugha ya taifa. "Na udongo, Ndugu Katibu? Udongo wa hapa haujaenda shule." "Udongo haukuulizwa, mama. Tunaongea na mahindi." Ndipo Mzee Hhando, ambaye hakuwa amesema neno mkutanoni tangu ahamishwe, akauliza kwa uzito kabisa: "Na nani anamwamkia nani? Mahindi ni madogo kwetu. Mtu mzima hawezi kuyapa shikamoo. Lakini hayana mdomo wa kutuamkia sisi." Jambo hilo lilijadiliwa mpaka kivuli cha mti wa mkutano kikatuhama. Mwishowe Gwandu akaamua: msemaji akifika shambani ataanza kwa kusema "Marahaba", kuonyesha kwamba salamu ya mahindi imepokelewa. Na msemaji, kwa sababu ya kile Kiswahili changu cha sukari, nikachaguliwa mimi.

Basi kila asubuhi kabla ya kengele ya shule nilisimama mbele ya mahindi yaliyonifika magotini, nikasema kwa sauti, "Marahaba!" Kisha nikayaeleza habari. Mwanzoni nilikuwa na mengi: habari za Lushoto, matunda ya kwetu, ukungu, shangazi zangu. Baada ya hapo nikayafundisha majedwali ya kuzidisha. Baada ya majedwali nikaishiwa. Watu walipita njiani kwenda kisimani, wananiona nimesimama nimekodoa macho mbele ya mahindi, na aibu ikanipata. Nikachukua jembe ili walau nionekane nina kazi. Nikawa napalilia huku nikitupa neno moja moja: "Haya, jamani. Poleni na baridi." Gwandu naye alikuja mara kwa mara kuyapa siasa. "Ndugu mahindi," alianza, mikono nyuma, "magugu ni wanyonyaji. Hayafanyi kazi, yanakula jasho lenu." Siku moja Anyosisye alimwomba kwa adabu asogeze mguu kidogo, kwani alikuwa amemkanyaga msikilizaji.

Shida ilikuwa upande wa kimya. Anyosisye alikuwa ametoa amri kwamba huko mtu asitoe sauti, jaribio lisiharibike. Akina mama walipokwenda kupalilia, walijitahidi. Niliwaona kwa mbali wameinama, midomo imebanwa, kama waliobeba maji mdomoni. Kisha mmoja akakanyaga mwiba akapiga kelele, mwingine akamuuliza umeumia wapi, wa tatu akaeleza dawa ya mwiba ya mama yake, na kabla jua halijapanda upande wa kimya ulikuwa na maongezi kuliko soko la Mbulu. Anyosisye akawatoa wote. "Bwana Shamba," Mama Paulina akamwambia, "jembe langu linakwenda kwa maneno. Kupalilia mdomo umefungwa ni kifungo." Basi akakataza palizi huko mpaka jaribio liishe.

Siku hizi nina mjukuu Arusha anayekuza mimea ndani ya nyumba, kwenye makopo, na kila mmoja ameupa jina. Asubuhi anausemesha, jioni anaupiga picha na kuituma kwenye kundi la wenzake kwenye simu, nao wanajibu kwa mioyo myekundu. Mara moja alinishangaza uani kwangu: aliielekezea simu mboga iliyojiotea karibu na bomba, simu ikafikiri, ikamletea jina refu la kigeni. "Bibi, unaujua huu mmea?" Nikamwambia huo ni mnafu, nimeula mwaka mzima, na tukauchuma. Hakuupenda, ni mchungu. Simcheki, kwa sababu nami nimewahi kusimama nikisubiri mahindi yaniamkie. Ninachokiona ni kwamba ana nyumba nzuri ya ghorofa, jirani upande huu na jirani upande ule, na mmea ule wa dirishani ndiye mtu wa kwanza anayemsalimia asubuhi.

Nirudi Maretadu. Mchana mmoja nilikuwa natafuta jembe nililolisahau, nikasikia sauti ya mwanamume katikati ya upande wa kimya. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, na magugu yalikuwa yamejaa chini yake. Nikachungulia. Mzee Hhando alikuwa amesimama peke yake, shuka limemteleza begani, akiyahutubia mahindi kwa Kiiraqw kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake. Kiiraqw changu kilikuwa bado cha kuombea maji, lakini jina la Paulina nililisikia, tena si mara moja. Halafu akaigiza sauti ya mkewe, na hapo sikuhitaji mkalimani. Mwishoni akabana vidole viwili kuonyesha kitu kidogo mno, akaviinua mbele ya bua moja refu la mahindi kama anauliza: hii ndiyo ya kutosha chungu kizima? Nikajua ni chumvi. Nikarudi nyuma polepole, mkono mdomoni.

Sikuwa peke yangu niliyemsikia. Gwandu alikuwa akipita njiani, hakusikia maneno, alisikia ukali. Na juma lilelile ikawa dhahiri kwa kila mtu kwamba upande wa kimya umebadilika rangi. Majani yalikuwa ya njano, mabua membamba, wakati upande wangu ulikuwa wa kijani unaong'aa. Gwandu akaunganisha mambo mawili hayo: Mzee Hhando, aliyekuwa miongoni mwa wa mwisho kushuka kutoka kule juu, analitukana shamba la ujamaa. Akaliita hujuma. Sasa naweza kucheka, lakini mwaka ule neno hilo halikuwa la mchezo. Kulikuwa na mtu wa kijiji jirani aliyechukuliwa kwa kosa la kukwepa kazi za pamoja, akarudi amekonda na hataki kuulizwa. Gwandu akatangaza kwamba Afisa Kilimo anakuja kutoka wilayani kuona jaribio, kesi itasikilizwa mbele yake, na gari litakalomleta ndilo litakalomchukua Mzee Hhando kwenda Mbulu mahabusu.

Jioni nilimkuta mzee akiwafungia ndama. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." "Mzee, mimi nilikusikia siku ile. Najua ulikuwa unasema habari za chumvi. Niruhusu niwaambie." Akashtuka kuliko alivyoshtuka alipoitwa mhujumu. Akatazama kule jikoni, akanivuta kando. "Mwalimu, umemwambia Mama Paulina?" "Sijamwambia." "Usimwambie." "Lakini watakufunga!" Akafikiri, akaniangalia kama ninavyowaangalia watoto wa darasa la kwanza. "Mwalimu, mahabusu nitatoka. Kwa Mama Paulina nitaishi."

Nikaenda kwa Anyosisye. Yeye alikuwa amekaa kwenye mlango wa chumba chake, redio mapajani, haina betri. Hakunisubiri nimalize. "Ni magugu," akasema. "Nimeangalia leo. Magugu yamekula mbolea yote, na mimi ndiye niliyekataza palizi." "Basi sema hivyo!" Akaiweka redio chini. Ndipo akaniambia kwamba alikuwa ameahidiwa nafasi ya kwenda chuo Morogoro, na kwamba afisa huyo anayekuja ndiye mwenye kupendekeza jina, na kwamba jaribio la mahindi ndilo lililokuwa limemfanya ajulikane. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yake kuvaa viatu vya kazi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye na huruma naye, nikala makande yasiyo na chumvi, na kwa mara ya kwanza nilimwelewa Mzee Hhando kabisa.

Siku ya mkutano Afisa Kilimo alikuja, mtu mnene mpole aliyefuta jasho hata kwenye baridi ile. Alitembezwa pande zote mbili, akatikisa kichwa hapa, akatikisa kule, asijulikane anatikisia nini. Kisha Gwandu akasimama akasoma mashtaka kwa sauti yake yote, akamtaka Mzee Hhando arudie hadharani maneno aliyoyaambia mahindi. Mzee akasimama, akafunga shuka vizuri, akanyamaza. Mama Paulina, machozi yanamlenga, akainuka kumtetea. "Wazee wangu, mume wangu hana maneno. Tangu tuhamie hapa, nyumbani hasemi kitu." "Mnaona?" Gwandu akadakia. "Nyumbani hasemi! Basi maneno yote anayamalizia wapi? Shambani kwetu!" Watu wakaguna. Dereva wa gari akaanza kukunja gazeti lake.

Hapo magoti ya Anyosisye yakanyooka. Akasogea katikati. "Ndugu Afisa, mahindi yale hayajatukanwa. Hayajapaliliwa. Nilikataza palizi mimi, ili yasisikie watu wakiongea. Kosa ni langu, si la mzee." Nyuso zote zikamgeukia afisa. Yeye akafuta jasho. "Hilo wazo la kuongea na mimea ulilipata wapi?" "Redioni, ndugu." "Nilikisikia kipindi hicho. Ulisikiliza mpaka mwisho?" Anyosisye akatazama viatu vyake. "Betri ziliisha." "Mwishoni walisema kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana," afisa akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, mahindi yako yamenawiri. Uliyaambia nini?" Nikasimama. Ningeweza kusema lolote. "Niliishiwa na maneno mapema sana, ndugu," nikasema. "Nikawa napalilia." Kicheko kilichopasuka pale kiliwashtua mbuzi.

Gwandu hakukubali kushindwa. "Lakini mzee alisema nini? Alikuwa mkali! Nilimsikia kwa masikio yangu!" Mzee Hhando alimtazama Anyosisye, ambaye alikuwa bado amesimama peke yake katikati ya watu, ameitupa Morogoro yake mbele ya wote. Naamini hicho ndicho kilichomfungua mdomo. Akakohoa. "Nilisema," akasema, akiangalia mbali kuelekea Mlima Hanang, "kwamba chakula cha mke wangu hakina chumvi."

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Paulina kwa pamoja. Alikuwa bado amesimama. Alikaa chini taratibu, akapanga kitenge chake magotini, kisha akasema, si kwa mkutano bali kwa mumewe, ingawa tulisikia sote: "Na mimi nimeyaambia mahindi ya Mwalimu kwamba mume wangu hanisemeshi tena. Nilidhani ameniacha moyoni." Hakuna aliyecheka. Halafu mwanamke mmoja nyuma akasema kwamba naye amekuwa akienda, kumsema mkwe wake. Mwanamume mmoja akakiri kwamba huenda kulilia shamba lake la zamani. Wakafuatana, mmoja hapa, mmoja pale, mpaka ikaonekana kwamba nusu ya kijiji ilikuwa ikiingia mle mahindini kwa zamu, na kwamba jambo la ajabu ni kwamba hawakuwa wakigongana. Afisa Kilimo alicheka mpaka kitambaa chake kikalowa. Akaamuru pande zote mbili zipaliliwe kesho yake, na watu waongee wanavyotaka. Gari liliondoka Maretadu na dereva na afisa wake tu. Anyosisye hakwenda Morogoro mwaka ule. Alikwenda baadaye, baada ya afisa mwingine kulipendekeza jina lake, na aliporudi alipangwa Basotu, akafanya kazi huko mpaka alipostaafu.

Mahindi yale yalikomaa vizuri kuliko tulivyostahili. Tulivuna pamoja siku ya jua kali la asubuhi na upepo wa baridi, tukakata mabua tukayafunga, na kufikia alasiri shamba lilikuwa tupu, unaona kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nilimwona Mama Paulina amesimama ukingoni akilitazama, na wanawake wengine pia, wote wakiwaza jambo lile lile: sasa tutasemea wapi? Jioni ile nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari. Nikasikia bakuli limewekwa chini kwa nguvu. Kisha sauti ya Mzee Hhando, ya juu, wazi, kama ya mtu anayeita kutoka kilima hadi kilima: "Paulina! Hii umetia chumvi, au umeionyesha tu?" Naye akajibu kwa sauti kubwa zaidi, kwa Kiiraqw na Kiswahili vikichanganyika, akaanza na chumvi, akapita kwenye uhamisho, akafika mpaka mahari. Nikashika kalamu bila kuandika. Kijiji kizima kilikuwa kimetega sikio. Kisha kutoka nyumba ya pili jirani akapaza sauti: "Mama Paulina, hapo kwenye chumvi mzee ana haki!" Nikafikiri, sasa yamekwisha. "Nani kakuuliza wewe?" Mama Paulina akafoka. Halafu, baada ya kitambo: "Kama unajua sana, njoo na chumvi yako." Nilisikia mlango wa jirani ukifunguliwa, na kigoda kikiburutwa, na watoto wake wakikimbia mbele yake.